Viatu vya Matairi vya Vumilia

Ndani ya basi la kutoka Kharumwa kwenda Geita, Asteria aliketi nyuma ya kijana mwenye kovu kidevuni, aliyekuwa akimshauri mama mmoja kuhusu viatu vya matairi, vile vya kutelezea barabarani.

"Mama, chukua vya aina ya Besko, vinashika kifundo cha mguu. Tarini vinapendeza macho tu. Kisigino kinacheza ndani, na mkanda unafyatuka ukiwa mteremkoni."

"Lakini Tarini ni vyepesi, mwanangu," alibisha mama yule, ambaye alionekana hakuwahi kuvivaa. "Mtoto atavimudu."

"Hata mimi nilivimudu," kijana alisema, akigusa kidevu.

Asteria aliinama mbele, akalitazama lile kovu. Tarini ndivyo alivyomnunulia binti yake Vumilia, tena vikubwa kidogo ili avivae hata mwakani, na asubuhi alimwacha akivifunga. Akapiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Ukikaza mkanda vizuri, haufyatuki," mama aliendelea.

"Mimi nilikaza, mama."

Basi liliposimama Kalangalala, wale wawili walikuwa bado wanabishana. Asteria aliwapita mlangoni bila kuomba njia, akakimbia kuelekea mteremko wa nyumbani, kandambili mkono mmoja, simu ikiita bila kupokelewa mkono wa pili.