Kengele ya Boila Namba Mbili

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la nje ya kibanda cha Fundi Saa, kahawa haikuteremka vizuri. Mzee Algol, aliyebandikwa jina hilo kwa kuisifu lugha moja ya kompyuta kila siku ya Mungu, alikuwa na rundo la karatasi magotini. Ilikuwa programu aliyokiandikia kiwanda cha sabuni akiwa bado kijana: joto la boila likivuka kiwango mara tatu, kengele ilie. Juzi boila namba mbili lilipasuka, kengele kimya. Zamu ilikuwa ya mwanawe wa pekee. Kiwanda kinadai alilala na kengele hakuisikia, na saa nne wanamhoji. Akishindwa kujitetea, kazi hana. Mzee alikuwa anaogopa, na hakujali nani anamwona.

— Panya hao, alisema Dereva Mstaafu. Wametafuna waya.

— Waya umepimwa, mzima, alijibu Fundi Saa. Mimi nasema washindani. Wamerusha mawimbi kutoka ng'ambo ya barabara.

— Mawimbi! Mbona redio yako haikuzimika?

— Basi lugha yenyewe imechakaa. Kitu cha miaka ya hamsini!

Hapo mzee aliwaka.

— Chunga mdomo! Algol waliikalia vikao mabingwa wa nchi kadhaa, wakabishana mpaka juu ya nukta. Kabla yake programu zilikuwa zinarukaruka huku na huko, kichwa huoni, miguu huoni. Wao wakasema kazi igawanywe vyumba, kila chumba kina mwanzo na mwisho. Unachokiweka ndani ni cha humo humo. Ukitoka, kinafutika. Usafi mtupu! Na hii yangu miaka yote haijaleta kelele.

— Basi kijana alilala, alisema Dereva polepole.

Hakuna aliyethubutu kumtazama mzee.

Mke wa kijana huyo alikuwa amefika wakati habari ya vyumba inaelezwa, ameshika shati la mumewe lililopigwa pasi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Hakukaa. Aliinamia karatasi.

— Baba, hesabu ya mara ngapi joto limezidi umeiweka wapi?

— Hii hapa, ndani ya chumba cha kupimia joto.

— Na programu ikishapima, inatoka chumbani?

— Inatoka, halafu inaingia upya.

— Sasa hiyo moja itafikaje tatu?

Dereva alichungulia kikombe chake kilichokwisha kahawa. Mzee aliupitia mstari kwa kidole mara moja, mara ya pili, jasho likimtoka. Kila kipimo hesabu ilifutika na kuanza tena moja; tatu isingefika kamwe, wala kengele isingelia. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, na aibu ilimchoma mpaka masikioni.

— Saa nne bado?

— Dakika ishirini, baba.

— Nishike mkono twende kiwandani, mwanangu. Twende upesi, kabla sijapata uongo mzuri.