Kisanduku Kinachomfungia Metroni Usoni

Benchi lililo mkabala na kliniki ya wajawazito lina miguu mitatu na tofali, na sheria moja tu ya Mama Kahawa: ukiinuka, kikombe chako kinaondoka. Asubuhi hiyo walikuwapo Kinyozi, ambaye umbea wa mtaa humpitia yeye kwanza. Fundi Saa, mwenye jibu la kila kitu. Na binti wanayemwita Fundi Kurasa, kompyuta mapajani, jicho kwenye mlango wa kliniki. Saa nne metroni, muuguzi mkuu wa kliniki, angetoka kuujaribu kwa mara ya mwisho ukurasa wa mtandao aliotengenezewa na binti, wa akina mama kupanga siku za kupimwa. Kisanduku cha siku kikimfungia tena usoni, anarudi kwenye daftari lake na binti aende zake.

Kinyozi akataka aelezwe. Binti akaeleza: mama anafungua kisanduku, anachagua siku. Akigusa nje yake, kijifunge kimpishe. Akigusa ndani, kibaki wazi. Ukurasa unasikiliza kila mguso, kisha unajiuliza: kilichoguswa kimo kisandukuni au hakimo? Mambo yanakwenda vizuri mpaka mama afute siku aliyokosea. Hapo kisanduku chote kinajifunga, na kidole kilikuwa ndani kabisa.

— Mafuta hayo, akasema Kinyozi. Wajawazito wanajipaka mno. Kidole kinateleza.

— Nimejaribu kwa kidole changu mwenyewe, kaka.

— Basi na wewe utuambie mapema, tujiandae.

Fundi Saa akasema si mafuta, ni joto la kompyuta, linachelewesha majira. Kinyozi akashusha sauti: ni metroni mwenyewe. Mteja mmoja alimwambia, kichwa kikiwa nusu kimenyolewa, kwamba yule mama analilia wivu daftari lake kuliko mume, na jicho lake likiutazama ukurasa, lazima kisanduku kijifunge.

Binti akachoka. Akamwita Kinyozi aje abonyeze mwenyewe. Kinyozi akainuka, akagusa alama ya kufuta, kisanduku kikajifunga. Alipogeuka, kikombe chake kimo ndooni kwa Mama Kahawa.

— Mama, nilikuwa nimekaa hapo!

— Nimetazama benchi. Hupo.

— Nimeitwa nikiwa nimekaa.

— Kuitwa uliitwa. Nilipotazama, hukuwapo.

Mjamzito mmoja alikuwa amefika kuomba nafasi, mkono kiunoni.

— Sasa mama, akauliza taratibu, unaangalia alikokuwa alipoitwa, au aliko akishaondoka?

Mama Kahawa akawa analifuta birika lisilo na vumbi. Fundi Saa akaangalia saa yake, ambayo haitembei.

Binti peke yake aliinamia kompyuta. Siku ikifutwa inaondoka kwanza, ndipo ukurasa unakwenda kuitafuta kisandukuni. Hauioni, unadhani kidole kiligusa nje. Akaandika upya: ukurasa utazame pale pale kidole kinapogusa, kabla chochote hakijaondolewa.

Metroni akatoka akifuta miwani. Akachagua siku, akaifuta. Kisanduku wazi. Akafuta nyingine. Wazi. Akagusa pembeni, patupu, kikajifunga.

— Jumatatu waanze na hiki, akasema, akarudi ndani.

Mjamzito akapewa nafasi ya Kinyozi. Kinyozi akadai haki yake: yeye naye ahesabiwe alikokuwa alipoitwa. Mama Kahawa akakitoa kikombe ndooni, akakisuuza vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaliinamisha birika juu ya kikombe. Likatoa matone mawili, basi.