Kilima cha Pili: Bi. Médiatrice Ndayizeye Aiaga Maabara

Leo, tarehe 31 Mei 2013, Bi. Médiatrice Ndayizeye atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka ishirini na mitatu katika maabara yetu ya kupima dawa zilizomo katika damu, hapa Stockholm. Aliingia Februari 1990 akiwa mwosha vyombo vya kioo. Anaondoka akiwa mpimaji mkuu, na hadi leo hakuna chombo chenye doa kilichowahi kumpita.

Alizaliwa Burundi, akaishi ukimbizini Kigoma, ambako alifundisha Hisabati katika shule ya msingi. Kiswidi alijifunza ndani ya treni, akija kazini kutoka kitongoji cha Fittja na kurudi. Alipojiunga na masomo ya upimaji, mwanawe Axel alimuuliza maswali ya masomo hayo kwa Kiswidi, naye akamjibu kwa Kiswahili, na wote wawili wakapata alama nzuri.

Wengi wetu humeza kidonge tukidhani kwamba dawa ikishatibu hutoweka yenyewe. Bi. Médiatrice hakuchoka kutufundisha kwamba hakuna kinachotoweka. Ini huipokea dawa kama mgeni asiyealikwa. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani vichocheo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huivunja dawa na kuigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka katika maji, ili figo ziweze kukitoa pamoja na mkojo. Kazi hiyo hufanyika bila amri yetu wala habari yetu. La kustaajabisha zaidi ni kwamba maini hayalingani. Kidonge kile kile, mmoja hukimaliza kwa saa chache, mwingine hukaa nacho siku tatu.

Mfano wake ulikuwa birika la kahawa la chumba cha mapumziko. Mwenzetu Gregory akinywa kikombe kimoja baada ya saa nane mchana, hapati usingizi. Bi. Médiatrice hunywa vitatu na kusinzia ndani ya treni hadi anapitilizwa kituo. Alimwambia Gregory asijilaumu, kwani ini lake ni karani mwangalifu, hafungi faili upesi.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kichupa cha damu kikifika bila saa ambayo mgonjwa alimeza dawa mara ya mwisho, hakukipima. Aliinua simu na kuuliza wodini. Wauguzi walioona namba yake walianza kutafuta saa kabla hajasalimu. "Bila saa," alisema, "hii ni damu tu."

Sasa ni haki kueleza jambo la Oktoba 2006. Vichupa hutufikia vikiwa na namba, bila jina la mgonjwa. Mashine huchora vilima juu ya karatasi: kilima cha kwanza ni dawa yenyewe, cha pili ni mabaki yake baada ya kuvunjwa na ini. Siku zile tuliripoti cha kwanza tu. Ikaja damu ya mtu aliyekuwa akitumia dawa ya maumivu ya neva, na kilima cha kwanza kilikuwa kidogo mno. Daktari wake alikuwa ameandika kwamba anashuku mgonjwa hamezi dawa, na kwamba jibu letu likithibitisha hivyo, atamwachisha dawa hiyo. Mwandishi wa wasifu huu, aliyekuwa msimamizi wa zamu, alikwisha kuandika kwamba matokeo yanalingana na dawa kutomezwa. Ilibaki saini.

Bi. Médiatrice aliiweka karatasi mbele ya mwandishi huyu na kugusa kilima cha pili, kilichopanda kama mnara wa kanisa. "Mzee Bethuel," aliuliza kwa adabu, "kama hapakuwa na kuni, majivu haya yote yametoka wapi?"

Jibu lilichanwa. Mtu yule alikuwa akimeza dawa kila siku, lakini ini lake liliivunja kabla haijamfaa. Kipimo cha chembe za urithi kilionyesha kwamba amezaliwa na nakala za ziada za maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Daktari aliongeza dozi hatua kwa hatua, huku damu ikipimwa. Tangu mwaka uliofuata, kila ripoti yetu ya dawa hiyo hutaja vilima vyote viwili. Utaratibu huo ni wake, ingawa hakuna hati inayomtaja.

Mwaka 2008, katika ibada kanisani Spånga, alisimama Bw. Mashauri, mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege wa Arlanda na mkazi wa Märsta, kutoa shukrani. Alieleza jinsi alivyoumia mgongo, jinsi daktari alivyomwona mwongo, na jinsi mkewe alivyosimama mlangoni kila asubuhi kumtazama akimeza, kwa sababu hata yeye alianza kuwa na shaka. Kisha, alisema, mtu asiyemjua akasema kwamba yeye si mwongo. Bi. Médiatrice alikuwa safu ya tatu. Aliinamisha kichwa, akatazama kitabu chake cha nyimbo. Sheria ya siri za wagonjwa ni sheria. Miaka mitano imepita na hajawahi kuligusia jambo hilo, hata kwa mwandishi huyu, aliyekuwa safu ya nne.

Mwezi uliopita Bw. Mashauri aliomba nakala ya faili lake, kama kila mgonjwa anavyoruhusiwa, akakuta chini ya karatasi ya vilima jina la mpimaji. Alikuja nayo maabara, akamkuta mwandishi huyu akiandaa wasifu huu. Alipoambiwa kwamba sisi haturuhusiwi kumjibu neno, alicheka. "Mzee, sikuulizi. Nakuarifu. Na uandike."

Imeandikwa, kwa ruhusa yake.

Bi. Médiatrice, tunakushukuru kwa macho yaliyokataa kuishia kwenye kilima cha kwanza, na kwa kuturekebisha bila kutuaibisha. Tunakuombea mapumziko marefu, mwili wenye afya, na kahawa bila kupitilizwa kituo. Zawadi yako leo itakabidhiwa na mgeni kutoka Märsta, aliyeketi karibu na mlango. Kwa miaka ishirini na mitatu ulifanya kazi kwa namba. Safari hii unaruhusiwa kujua jina.

Bethuel Oduor,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako