Baba Birika wa Laguboti

Leo tunamzika Binsar Hutajulu, mhandisi wa injini za angani. Kabla udongo haujamfunika, inafaa maisha yake yasemwe, tena kwa sauti, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kunong'ona.

Alizaliwa Laguboti, karibu na Ziwa Toba, tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Kilian Hutajulu na Mama Dorlan. Alisoma shule ya msingi papa hapa, sekondari Balige, kisha akahitimu uhandisi Bandung mwaka 1985. Mama yake alisimulia mpaka uzeeni jinsi Binsar, akiwa bado mtoto, alivyounguza mabirika mawili akitaka kuona kama mvuke utasukuma kimtumbwi cha mbao. Kimtumbwi kilikwenda. Mabirika ndiyo hayakupona.

Mwaka 1987 aliajiriwa ng'ambo, kwenye kiwanda cha setilaiti. Kule, mafuta ya kuisogeza setilaiti ikishafika angani yalikuwa sumu, na waliojaza matangi walivaa kama wapiga mbizi. Rafiki yake wa kazini, Uwe, alivuta mvuke wake mara moja tu, mapafu yakaharibika, akafa. Binsar alirudi Bandung akiwa na nia moja: kutengeneza injini inayotumia maji, yachemshwe kwa umeme wa jua, mvuke utoke kwa nguvu na kukisukuma chombo. Alisema mtu ataijaza akiwa amevaa kandambili, na nchi maskini zitaimudu. Wenye mitaji walimcheka miaka mingi. Hakuyumba hata kidogo.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na Rosinta boru Silaen, yaani binti wa ukoo wa Silaen, mwalimu wa muziki. Hawakujaliwa mtoto. Kwetu Wabatak, mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na asiye na mtoto huzikwa kimya, bila ngoma za heshima. Jambo hilo lilimuuma Binsar, tusifichane. Kwenye sherehe za ukoo, kaka yake mkubwa, Jonggi, alizoea kumwita Baba Birika, na watu walicheka mpaka samaki akapoa sahanini. Rosinta hakucheka. Setilaiti ya kwanza yenye injini ile ilipokamilika, yeye ndiye aliyeipa jina: Tiur, jina la msichana.

Tiur ilirushwa mwaka 2016. Mwaka uliofuata likaja onyo kwamba kipande cha roketi kuukuu kinaijia, na isiposogea itavunjwavunjwa. Binsar alimwita Jonggi karakanani kwake Bandung, walikoiongozea Tiur, ajionee mwenyewe. Amri ya kuwasha ikatumwa, injini ikanyamaza: maji yalikuwa yameganda ndani ya bomba. Wafanyakazi wote walimgeukia. Akaagiza Tiur igeuzwe, ubavu wenye bomba uelekee jua, kisha akaketi kumenya karanga.

"Mdogo wangu, huogopi?" Jonggi aliuliza.

"Niogope nini, kaka? Barafu hiyo, si jiwe. Jua likiipata itayeyuka. Kula karanga."

Jua liliipata. Walipowasha tena, Tiur ilisogea, na kile kipande kikapita mbali. Jonggi alivua kofia akajifutia machozi, na tangu siku hiyo hakutamka tena lile jina la Birika.

Mwaka 2021 figo za marehemu zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu. Daktari alipomkataza kunywa maji mengi, alimjibu asiwe na wasiwasi, sehemu yake alishampa Tiur. Alifariki hospitalini Bandung tarehe 9 Machi 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rosinta.

Jana wazee wa ukoo walikaa kuamua kama mtu asiye na mtoto apigiwe ngoma. Wengi walisema mila ni mila. Rosinta alikuwa pale, kainamisha kichwa. Ndipo Jonggi akasimama kwa taabu na fimbo yake.

"Huyu ana mtoto," alisema. "Siku anamwokoa nilikuwepo. Nyinyi hamkuwepo."

Ngoma mlizozisikia asubuhi hii, zimepigwa kwa ajili yake.

Marehemu ameacha mjane, Rosinta, kaka, Jonggi, dada, Nurmaida, wapwa na wajukuu wa ukoo, na binti mmoja, Tiur, anayepita juu yetu akiwa bado na maji tangini.

Mungu akupe pumziko la amani, Baba Tiur.