Daphrose Nyiraneza na Ukurasa wa Batsinda

Daphrose alizaliwa Kibungo tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa pili wa Mzee Gisa na Mama Mahoro. Mwaka 1961 alivushwa mpaka wa nchi akiwa mgongoni kwa mama yake, wakakaa Karagwe, Tanzania. Huko alisoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wake ulisifiwa.

Nsabimana, kijana aliyemchumbia huko, hakusoma. Barua ya uchumba aliandikiwa na rafiki. Daphrose aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akairudisha, na chini akaandika kwamba amekubali. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979.

Walirudi nyumbani mwaka 1995. Kuanzia 1996 hadi 2012 Daphrose alifanya kazi Nyabugogo, katika ofisi ya mabasi. Aliandika saa za safari ubaoni. Dereva akija kusema, "Mama, hiyo ya saa nne imeharibika," alimpa chaki. "Andika wewe. Na jina lako chini." Basi abiria wakauamini ule ubao.

Mwaka 2018 binti yake Winifred alifungua ukurasa kwenye intaneti ambao jirani yeyote wa mtaa wao wa Batsinda angeweza kuandika na kurekebisha kwa simu yake. Daphrose akaushika. Pale watu walijua maji yanatoka lini, dawa iko duka gani, mgonjwa gani anahitaji kubebwa. Kila asubuhi aliupitia mstari kwa mstari, akimsomea mumewe. Hofu yake ilikuwa moja: akiondoka, nani atasahihisha? Alisema uongo ukikaa pale siku mbili, watu wataacha kusoma, na mgonjwa atakosa wa kumbeba.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Mwaka uliofuata alilazwa. Jumanne tarehe 6 Mei 2025, mumewe alirudi Batsinda na beseni, mkeka na blanketi, apate kuviosha. Mtaani, vitu vya mgonjwa vikirudi bila mgonjwa, watu wanajua maana yake. Jirani yao Mugabo alimwona kwa mbali. Hakuuliza. Akaandika kwenye ukurasa kwamba Mama Daphrose ametutoka. Mumewe alipomaliza kuanika, viti vilikuwa vimeshaanza kupangwa uani. Akakimbilia hospitali.

Alimkuta mkewe ameketi kitandani, simu mkononi.

"Futa basi. Watu wanakulilia."

"Waache walie kidogo. Nataka kuona."

"Kuona nini, wewe mwanamke?"

"Kama watasahihisha bila mimi."

Kabla hajajibiwa, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Akimana, muuza mboga wa mtaani, anahema. Alimtazama Daphrose kutoka kichwani mpaka miguuni, akatoa simu yake, akaandika pale pale amesimama: "Nimemwona kwa macho yangu. Anakula ndizi. Mugabo, siku nyingine uliza kwanza. Akimana." Baadaye kidogo Mugabo akaomba radhi, akaongeza sheria yake mwenyewe: habari ya msiba iandikwe baada ya kuuliza nyumbani.

Daphrose alisoma yote mara mbili. Winifred alipokuja jioni kumwona, akampa simu.

"Chukua. Wanaweza."

Hakuuliza tena habari za ukurasa. Zile wiki tatu alilala vizuri, na mumewe pia.

Alifariki Jumatano tarehe 28 Mei 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Mchana Mugabo alisimama mlangoni kwa Nsabimana, kofia mkononi.

"Mzee, nimekuja kuuliza."

"Ni kweli. Andika."

Ameacha mume, Nsabimana, watoto watatu, Winifred, Eddie na Mutsinzi, wajukuu saba, na majirani wa Batsinda ambao leo asubuhi, kabla ya kuja hapa mazishini, wameshaandika maji yatatoka saa ngapi.

Maumivu yake yameisha, na kazi yake ina watu. Mungu ampe Daphrose pumziko jema.