Aliyechoma Nyumba

Jumanne ile mume wangu alipopelekwa hospitali, asirudi tena, tuliiacha filamu katikati. Yeye alishikilia kwamba aliyechoma nyumba ni shemeji wa mwenye nyumba. Mimi nikasema ni mpishi.

Mwezi mmoja baadaye, kwenye basi, niliwasikia abiria wawili mbele yangu wakiijadili filamu hiyohiyo. "Nimeirudia juzi nyumbani," alisema fundi cherehani, tepu ingali shingoni. "Ni shemeji. Pindo la gauni lake limeshonwa upya baada ya moto, tena kwa uzi usiofanana."

"Dada yangu, achana na pindo," akajibu jirani yake, mpishi wa hoteli. "Ni mpishi. Nani huacha mafuta jikoni yakichemka akaenda kutafuta viatu?"

"Unamsingizia mwenzako wa kazi?"

"Ndiyo maana namjua."

Walijiamini kana kwamba walikuwepo nyumba ikiungua. Nilitaka kumgusa fundi begani, nimwambie yuko mtu ambaye angemuunga mkono. Basi likasimama, wakashuka wakiendelea kubishana.

Siku hizi natazama filamu peke yangu, na hakuna anayenibishia.