Bado Mmoja: Maisha ya Mzee Cleopas Wangila, Mwokaji wa Luzira

Marehemu Mzee Cleopas Wangila alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma, nchini Kenya. Alizaliwa njiani, mama yake akitoka kisimani, na jina Wangila linasema hivyo hivyo. Inasemekana mtungi haukumwagika hata tone.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Ripoti yake ya mwisho, ambayo mjane ameihifadhi mpaka leo, inamsifu kwa hesabu. Kuhusu kilimo mwalimu aliandika tu: "Anajitahidi." Mtaona mbele kwamba mwalimu huyo alikuwa mpole.

Mwaka 1968 alianza kujifunza kuoka mikate mjini Kitale. Huko ndiko alikompata Akeyo, aliyenunua mkate mmoja akaja kuulalamikia siku tatu mfululizo. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1981. Vita vya Uganda vilipokwisha, marehemu alisikia kwamba Kampala ina hamu ya mkate. Februari 1989 wakahamia Luzira, akaanza kujenga tanuri la kuni.

Vita vilikuwa vimekula miti ya kilima chetu, kwa hiyo majirani walikuwa na sherehe ya kupanda miti kila Jumamosi ya kwanza ya Aprili: ngoma, chai, na kila nyumba na mti wake. Mwaka huo walipanda mituba, ule mti wa nguo za gome, ambao Waganda huuotesha kwa kuchomeka gongo tupu ardhini. Marehemu hakuhudhuria, alikuwa akimalizia tanuri. Jumapili alfajiri akaona magongo kumi na saba yamejipanga kando ya njia, makavu, hayana jani wala mzizi. Akamshukuru Mungu, akayang'oa yote.

Mikate ilitoka mizuri ajabu. Majirani waliila kwa chai, wakaisifu, mpaka Mzee Maftah, mwenye duka na mwenyekiti wa sherehe, alipofika na ndoo ya kumwagilia.

"Banange, jamani! Miti yetu iko wapi?"

"Miti gani?" marehemu akauliza. "Mimi nimeokota kuni tu."

"Wangila! Umechoma msitu wa kijiji!"

"Na nyinyi mmeula na chai, mzee wangu."

Jibu hilo halikumsaidia. Wengine walitaka ahame siku ile ile, na Akeyo alikwisha kufunga mizigo. Mzee Maftah akaamua: mgeni abaki, apande mti mmoja kila mwaka mbele ya watu hadi kumi na saba itimie, na Maftah mwenyewe ndiye atakayetangaza kwamba imetimia. "Ukitoroka, bwana, nitakufuata hadi Bungoma na gongo mkononi."

Basi akapanda kuanzia 1990, kijiji kizima kikihesabu kwa sauti. Mti wa kumi na saba ulipandwa mwaka 2006. Siku hiyo marehemu alivaa suti ya harusi, ikamkataa tumboni, akavua kofia kusubiri tangazo. Mzee Maftah aliutazama mstari wote, akakuna ndevu.

"Bado mmoja."

Alisema hivyo mwaka uliofuata, na kila Aprili hadi mwaka jana, miti ilipofika ishirini na tisa. "Mzee, mimi shuleni nilisifiwa hesabu!" marehemu alipiga kelele kila mara. Na kila Machi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta gongo.

Novemba 2018 figo zilianza kumsumbua. Mapema mwezi huu, wodini, alimshika Mzee Maftah mkono. "Sema basi, imetimia."

"Bado mmoja. Amka ukapande."

Marehemu alicheka mpaka nesi akaja kuwanyamazisha. Alituaga Jumanne, tarehe 19 Machi 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Bi Akeyo. Watoto wawili, Vera na Travis. Mjukuu mmoja, Nerima. Na njia ndefu yenye kivuli, ambayo wengi wenu mmeipita leo mkija.

Gongo lililoegemezwa karibu na kaburi limeletwa na Mzee Maftah. Atalipanda kwa mkono wake, kisha atatamka neno ambalo marehemu alilingoja miaka kumi na mitatu. Wanaowapikia wageni, tafadhali sana: hilo si kuni.

Apumzike kwa amani, Mzee Wangila, kivulini pake.